Kuhakiki na kupendekeza riwaya za vijana: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Wazazi huniuliza yao, walimu yao, na vijana wenyewe huuliza machache ila makali zaidi. Nimeyaweka kwa jinsi yalivyozoea kunijia, si kwa uzito wake. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye lile la funzo. Ndilo linalonigombanisha na watu.

Riwaya ya vijana ni ile yenye mhusika mkuu kijana?

Hapana. Kitabu kinaweza kuwa na mhusika wa miaka 16 na kisiwe cha vijana hata kidogo. Tazama msimulizi amesimama wapi. Mtu wa miaka 50 akikumbuka mapenzi yake ya shuleni, anasimulia huku anajua mambo yaliishia wapi: nani alimwoa nani, nani alifariki, kipi kilikuwa upuuzi mtupu. Riwaya ya vijana humtia msimulizi ndani ya tukio kabla hajajua lolote. Akiachwa na mpenzi wake Jumanne, kwake dunia imekwisha Jumanne hiyohiyo, na hakuna sauti ya mtu mzima inayonong'ona pembeni kwamba yatapita. Ndiyo maana nyingi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na si chache kwa wakati uliopo.

Kwa umri, wakutubi na wachapishaji wa Marekani, ambako kundi hili lilipewa jina na rafu yake, huhesabu wasomaji wa miaka 12 hadi 18. Wengi huanza historia yake mwaka 1967, ilipotoka The Outsiders ya S. E. Hinton, binti aliyeanza kuiandika akiwa na miaka 15 na kuiona ikichapishwa akiwa na 18. Hakuwachungulia vijana kutoka dirishani, alikuwa mmoja wao. Tuzo ya Michael L. Printz, inayotazama ubora wa kifasihi wa vitabu vya vijana, ilianza kutolewa mwaka 2000. Ukipiga hesabu, kundi lenyewe lina umri mdogo kuliko mababu wa wengi wanaolisoma.

Nikisema "ya kisasa" nina maana ya dunia hii tunayoishi sasa. Hakuna joka wala mchawi, hakuna vita vya miaka mia ijayo. Kuna nyumba, shule, simu, marafiki, mwili unaobadilika bila ruhusa, na pesa isiyotosha.

Mapitio na uhakiki wa darasani si kitu kimoja?

Ni ndugu, ila kila mmoja ana kazi yake. Uhakiki wa darasani, ule wa fani na maudhui, huandikiwa mtu aliyekwisha kukisoma kitabu. Mapitio huandikiwa mtu ambaye hajakisoma na anataka kujua kama ajitose humo kwa siku tatu. Ukimpa wa pili uchambuzi wa dhamira kuu na dhamira ndogondogo, umemwandalia mgeni mifupa kabla ya chakula.

Basi mapitio mazuri yana nini?

Nitatumia mfano, maana kwa maelezo matupu tutazunguka tu. Riwaya hii haipo, nimeitunga sasa hivi: binti wa miaka 16 ana kaka aliyerudi nyumbani kutoka gerezani, na tangu arudi hakuna anayetaja alikokuwa.

Mapitio ya kwanza: "Ni kitabu kizuri sana, kinasisimua, wahusika wamejengwa vizuri na mwandishi amefaulu kufikisha ujumbe kwa jamii." Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote, hata cha mapishi.

Mapitio ya pili: "Miezi minne familia inakula meza moja na hakuna anayelitamka neno gereza. Ukimya huo mwandishi ameujenga kwa vitu vidogo: sahani ya ziada, mlango ambao sasa unafungwa kwa ufunguo. Sura za katikati zinazunguka palepale, na rafiki wa binti huyu yupo ili aulize maswali tu, hana maisha yake. Lakini kama umewahi kuishi na mtu unayempenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, sura ya mwisho utaisoma umesimama."

Tazama haya ya pili yamefanya nini. Yametaja hali, si muhtasari wa sura kwa sura. Yametoa ushahidi mdogo unaoshikika: sahani, ufunguo. Yamesema kitabu kinachechemea wapi, na yamesema kwa namna ambayo msomaji anaweza kujipimia mwenyewe, kwa sababu kuna mtu hazijali sura zinazozunguka. Na yamemtaja anayefaa kukisoma bila kusema "kitawafaa wote." Kitabu kinachofaa wote bado sijakutana nacho.

Mimi husoma na kipande cha karatasi ndani ya kitabu. Naandika mambo mawili tu: ukurasa nilipotaka kukiweka chini, na ukurasa niliposahau kwamba nina simu. Nikimaliza, mapitio yangu huwa yako njiani tayari. Kabla ya kuhukumu hujiuliza kitabu hiki kilikuwa kinajaribu kufanya nini. Hadithi ya mapenzi yenye vichekesho haistahili kupigwa kwa kuwa haikutatua umaskini. Ipige kama haichekeshi.

Nisimulie kiasi gani bila kumwaga mtama?

Robo ya kwanza ni halali yako. Kuanzia hapo, eleza hisia na acha matukio. Na usiandike "mwisho utakushangaza." Wengi hawaoni kwamba huko nako ni kufichua: msomaji wako atasoma kurasa zote kama askari kanzu, akimshuku kila mhusika. Jambo moja ninalolifichua bila aibu ni lile linaloweza kumuumiza msomaji. Nalieleza mbele kidogo.

Nitoe nyota ngapi?

Uzitoe kwa vipimo ulivyovitangaza. Katika Goodreads, tovuti ambako wasomaji hupima vitabu kwa nyota, nyota mbili maana yake ni kwamba kitabu kilikuwa sawa tu, na tatu ni kwamba ulikipenda. Watu wengi hawajui, wanadhani tatu ni tusi, basi kila kitabu kisichochukiza kinapata tano na msomaji hajui ashike lipi. Mimi ningeweza kuishi bila nyota kabisa.

Mimi ni mtu mzima. Nina haki gani ya kuhakiki kitabu cha kijana?

Haki unayo, mradi ukumbuke umeketi kiti cha nani. Lalamiko ninalolisoma sana kutoka kwa watu wazima ni hili: "Mhusika mkuu ananikera, anafanya maamuzi ya kijinga." Ana miaka 15! Angefanya ya busara kitabu kingekwisha ukurasa wa 20. La kuuliza ni kama ujinga huo una mantiki yake kwa mtu wa umri ule, mwenye hofu ile, usiku ule. Binti anayemficha mama yake ujumbe wa vitisho kwa sababu akiuonyesha atanyang'anywa simu, huyo nampokea mikono miwili. Binti anayeuficha kwa sababu mwandishi alihitaji sura tano zaidi, huyo ni kosa la mwandishi, na kijana naye atalinusa.

Njia nyepesi ya kujisahihisha: mpe kijana mmoja kitabu hichohicho, kisha mwache aseme kwanza. Usimwongoze. Mara kadhaa nimelazimika kuchana mapitio yangu na kuanza upya baada ya dakika kumi za kusikiliza.

Kitabu hiki kinatoa funzo gani?

Hili nimelijibu kuliko yote na bado halijaisha. Tumekua nalo. Hadithi ikimalizika, mtu huuliza imetufundisha nini, na anayejibu kwamba haikufundisha kitu ila ilimchekesha, anatazamwa kama amekosa adabu.

Sidharau mawaidha. Kiswahili kina mawaidha ya hali ya juu. Mwana Kupona, mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia, na uzuri wake umekaa palepale kwenye wasia wenyewe: mama anajua na anaaga, binti anasikiliza. Riwaya ya vijana ya leo imejengwa kinyume na hapo. Anayesema ndiye asiyejua. Hana wasia wa kumpa mtu, yeye mwenyewe anautafuta. Ukiishika riwaya ya namna hiyo na kuidai mawaidha, unamkamua kuku.

Maadili yamo, tena mengi, ila yamekaa kama maswali. Kwa hiyo ninapoandika, neno "inafundisha" nalifuta na kuweka "inauliza," kisha nalazimika kufikiri. "Inafundisha kwamba dawa za kulevya ni mbaya" inageuka kuwa "inauliza umfanyie nini rafiki anayekuibia kwa sababu ni mgonjwa." Sentensi ya kwanza kijana anaijua tangu darasa la pili. Ya pili hajawahi kuulizwa, na huenda anaye rafiki wa hivyo leo.

Na mahubiri yakiwemo kitabuni, yataje kama kasoro. Dalili zake ninazijua kwa mbali: mtu mzima anayetokea sura ya mwisho kasoro moja na kuongea aya nzima bila kukatizwa, msichana anayekosea mara moja tu na kuadhibiwa papo hapo kwa mimba au ajali, mvulana mkorofi anayetubu kwa sentensi mbili. Vijana husikia harufu ya hotuba kurasa mbili kabla haijaanza, na wanajua kuruka.

Vipi kuhusu mambo mazito: kujiua, kujikata, kubakwa?

Hapa ndipo ninapofichua. Msomaji aliyepitia jambo hilo ana haki ya kujua kabla ya kuingia, na anayempa kitabu pia. Sentensi moja mwishoni mwa mapitio inatosha: "Kitabu kinaonyesha kujiua kwa ndugu wa mhusika, tukio halionyeshwi moja kwa moja, ila sura ya tatu inaeleza jinsi alivyokutwa." Hiyo ni taarifa. "Tahadhari, kitabu hiki kina mambo mabaya" si taarifa, ni ukelele.

Kutaja kwamba jambo limo hakutoshi. Sema limeshikwaje. Kuhusu kujiua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari unasisitiza kutoeleza njia iliyotumika na kutokionyesha kifo kama suluhisho la matatizo. Uliandikwa kwa ajili ya habari, lakini mimi huutumia kusomea riwaya pia. Je, njia imeelezwa kwa hatua? Je, aliyekufa anapata kifoni kila alichokikosa akiwa hai, watu wanalia na maadui wanajuta? Je, kuna yeyote anayeomba msaada akaupata? Kitabu kinachofeli hapo nitakisema wazi, hata kama nathari yake ni tamu.

Kwenye unyanyasaji wa kingono natazama kitu kingine: hadithi ni ya nani. Ziko riwaya ambamo binti anabakwa ili kaka yake au mpenzi wake apate sababu ya kukasirika na kuwa shujaa. Yeye mwenyewe haonekani tena hadi mwisho.

Kutoa taarifa si kupiga marufuku. Kijana aliyefiwa anaweza kukitaka kitabu hichohicho ambacho wewe ungemfichia. Ila akitaka, usimwache nacho peke yake. Na ukiona anachotafuta humo ni zaidi ya hadithi, zungumza naye siku hiyohiyo na umfikishe kwa mtu mzima anayemwamini au mhudumu wa afya. Kitabu hakitibu.

Kinafaa kuanzia miaka mingapi?

Namba nitakupa, lakini usiishike kama ya kiatu. Mtoto wa miaka 12 mara nyingi hutaka kusoma juu ya mwenye miaka 15; watoto husoma juu ya umri wanaouendea. Mwenye miaka 17 akisoma juu ya mwenye 13 hujiona ameshushwa darasa. Zaidi ya hapo, niambie yeye huyamezaje mambo. Yuko anayesoma kifo na kulala vizuri, halafu fedheha ya mtu kuchekwa mbele ya darasa inamkosesha usingizi wiki nzima.

Ukiwa na shaka, kisome wewe kwanza. Najua hilo si jibu unalolitaka.

Wangu hasomi kabisa. Nimpe kitabu gani?

Usimpe chochote leo. Muulize filamu gani ameitazama mara mbili, na ameirudia kwa nini. Akisema "inachekesha," "nilitaka kujua muuaji," au "yule dada anajibu watu," amekupa zaidi ya utakachokipata kwa kumuuliza anapenda vitabu gani, swali ambalo kwake ni mtihani.

Kisha punguza vizuizi. Sura fupi. Mazungumzo mengi. Tatizo linaloanza ukurasa wa kwanza, si wa arubaini. Kitabu cha kusikiliza ni kusoma, na sibishani tena na mtu kuhusu hilo. Riwaya za picha vilevile. Na ziko riwaya zilizoandikwa kwa ushairi, ambazo kwa asiyependa kusoma ni ufunguo wa ajabu: ukurasa una nafasi nyeupe, mistari ni mifupi, na mtu anajikuta amemaliza kurasa 100 kwa kikao kimoja bila kuamini. Asikudanganye mtu kwamba hizo ni za daraja la pili. The Poet X ya Elizabeth Acevedo imeandikwa kwa ushairi mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2018 ilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani kwa fasihi ya vijana. Sisi wenye lugha ya tenzi ndefu za kusimulia vita na safari, hatuna sababu ya kushangaa kwamba ushairi unaweza kubeba hadithi nzima.

Mpe vitabu vitatu kwa mpigo: kimoja kinachofanana na anachokipenda, kimoja kilicho jirani yake, kimoja cha mbali kabisa. Mwambie achague kimoja na akiache wakati wowote. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, mwaka 1992, aliorodhesha haki kumi za msomaji, na kati ya tatu za mwanzo zimo haki ya kutosoma na haki ya kutomaliza. Walimu wengine hawanipendi nikizitaja.

Wazazi wake wanaachana. Je, nimpe riwaya ya wazazi wanaoachana?

Taratibu. Mwaka 1990 msomi wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika kwamba vitabu huwa madirisha ya kuonea maisha ya wengine, milango ya vioo ya kuingilia humo, na vioo vya kujitazamia. Alikuwa na hoja nzito: mtoto asiyejiona popote vitabuni anajifunza kwamba hahesabiki. Nakubaliana naye kabisa, na ninapopendekeza orodha ya vitabu kumi huangalia nani hayumo.

Lakini orodha ni jambo moja na mtu mmoja ni jingine. Kijana ambaye nyumba yao inavunjika wiki hii huenda amekichoka kioo. Anataka dirisha, tena la mbali, lenye watu wanaoteleza na kuanguka na kuchekana. Kumkabidhi kitabu cha talaka ni kumwambia kwamba umemtazama ukaona talaka tu. Kiache rafuni mahali anapoweza kukifikia mwenyewe, usiseme kitu.

Nitajuaje kama lugha ya vijana ndani ya kitabu ni ya kweli?

Soma mazungumzo kwa sauti. Lugha ya mitaani huchacha haraka kuliko maziwa, na mwandishi anayejaza kila mstari misimu ya mwaka huu atasomeka kama mjomba aliyevaa kofia kinyumenyume. Waandishi wazuri hutumia maneno machache ya namna hiyo, ila wanaipata mikato: vijana hukatizana, hawamalizi sentensi, hujibu swali kwa mzaha pale wanapoumia. Wakiwa na wazazi hubadilisha lugha, wakiwa wenyewe hubadilisha tena. Kitabu ambamo msichana anazungumza sawasawa na mwalimu mkuu, na rafiki yake, na mpenzi wake, kimemkosa.

Nilipewa nakala bure. Niseme?

Sema, mstari wa kwanza. Huko Marekani mwongozo wa mamlaka ya biashara wa mwaka 2009 uliwataka wanaoandika mapitio kutangaza vitu wanavyopewa. Hata pasipo na sheria, msomaji akigundua mwenyewe baadaye hatakuamini tena.

Mwandishi ni rafiki yangu na kitabu ni kibovu.

Usikiandikie mapitio. Mwambie ana kwa ana, mkiwa wawili. Kwa vitabu vya watu usiowajua, andika ubovu kwa ushahidi uleule ambao ungetoa kwa uzuri, na usimtumie mwandishi mapitio hayo. Hayakuandikwa kwa ajili yake.

Nimempendekezea kitabu nilichokipenda sana, akakiacha ukurasa wa 30. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea popote. Au ulipendekeza ulichokuwa unakihitaji wewe ulipokuwa na umri wake. Mimi hufanya kosa hilo karibu kila mwezi. Muulize ukurasa wa 30 kulikuwa na nini, na uulize kama mtu anayetaka kujua. Jibu lake litafaa kwa kitabu kinachofuata kuliko mapitio kumi ya wageni.

Unaweza kunipendekezea kimoja sasa hivi?

Naweza, ila nijibu kwanza. Ni wako au ni wa mtu mwingine? Kitabu cha mwisho alichokimaliza bila kulazimishwa ni kipi, hata kama ilikuwa miaka mitatu iliyopita? Kipi alikitupa? Na akiwa peke yake, simu imezimwa, huwa anafanya nini?